Jumapili ya Kutafuta Barabara Iliyonyooka

Nimezaliwa Umatengo, upande wa Mbinga, ambako kila njia hupanda, hushuka au huzunguka mlima. Kwetu huwezi kusimama mahali ukaona barabara inakokwenda. Labda ndiyo sababu siku ya kwanza nilipoendesha pikipiki kwenye lami ya Songea, nikaona mbele yangu kipande kirefu kisicho na kona hata moja, niliongeza mafuta bila kufikiri. Nilipofika mwisho wa kipande kile nilisimama kando, nikazima injini, nikacheka peke yangu hadi machozi yakanitoka.

Nilikuwa bibi shamba wa serikali. Mradi ulionileta Songea ulikuwa umefungwa, na vifaa vyake tukauziwa sisi wafanyakazi. Wenzangu walichukua meza na magodoro, mimi nikachukua pikipiki ya cc mia na ishirini na tano, nyekundu iliyofifia. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa, ushirika ulikuwa hoi, na wafanyabiashara wenye malori walifuata mahindi wenyewe vijijini. Mimi nami nilikwenda vijijini, kuwaambia wakulima watie mbolea ambayo hawakuwa na uwezo wa kuinunua. Walinipokea vizuri. Waliniletea kiti kivulini, wakanipa maji, halafu wakaendelea na kazi zao. Nilikaa pale mpaka aibu ikaniinua.

Nilipanga chumba Mjimwema kwa mama mmoja mjane, mcha Mungu, aliyeamini kwamba mwanamke anayevaa suruali siku ya Jumapili anakwenda kuonana na mwanamume. Katika hilo alikuwa na ukweli kidogo, ila si kwa namna aliyodhani.

Mwanamume mwenyewe nilikutana naye kwenye kituo cha mafuta. Alikuwa Myao wa Tunduru, mwembamba, na alipovua helmeti nikaona ndani yake amevaa kofia ya kufuma. Alimfanyia kazi mfanyabiashara mmoja aliyekuwa ameingia kwenye mahindi. Yeye alitangulia kwa pikipiki kuulizia mahindi yako wapi, malori yakafuata. Aliizunguka pikipiki yangu akaitazama kama mtu anayenunua mbuzi.

"Dada, hii inakimbia au inatembea tu?"

"Inakimbia kuliko hiyo yako."

"Maneno hayo. Twende tukaone."

Aliwahi kuishi Dar es Salaam, na huko aliona vijana wakishindana kwa namna ambayo mimi sikuwa nimeisikia. Hakuna kuzunguka, hakuna kona. Wawili wanajipanga sambamba, mtu anatoa ishara, wanatoka pamoja kwenye kipande kifupi kilichonyooka, na wa kwanza kufika mwisho ndiye mshindi. Yeye aliuita mchezo huo kunyoosha. Alipokuwa akinieleza nilihisi ananisimulia jambo langu mwenyewe.

Tulijaribu kwanza kwenye lami, nje ya mji, barabara ya Njombe. Tulitoka vizuri, yeye kushoto, mimi kulia, upande wa magari yanayokuja. Ghafla kwenye kilele cha mteremko lori la mahindi likachomoza. Honi yake naisikia hata leo. Nilijibanza nyuma ya pikipiki yake sijui vipi, na lori likapita likituachia vumbi la pumba usoni. Tuliposimama yeye alishuka akakaa kwenye majani.

"Subhanallah," alisema. "Dada, hapana. Mchezo huu unataka mahali pake."

Mahali pake mimi nilipajua, kwa sababu nilipapita nikienda vijijini. Wajenzi wa barabara, walipokuwa wakitandaza ile lami, walikuwa na kambi yao nje ya mji, na karibu na kambi walishindilia uwanja wa changarawe kwa ajili ya ndege yao ndogo. Walipoondoka waliacha uwanja na mlinzi. Mlinzi huyo alikuwa mzee wa Kingoni, na nadhani hakuna aliyekumbuka kumwambia aache kulinda.

"Shikamoo baba," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ndege haziji siku hizi."

"Hatungoji ndege, baba. Tunaomba kukimbiza pikipiki hapa."

Alitutazama kwa zamu, akautazama na uwanja. "Kimbizeni," alisema. "Lakini ng'ombe wakija, ng'ombe kwanza."

Tukawa tunakwenda kila Jumapili ambayo yule Myao yumo Songea, baada ya mimi kutoka misa. Mzee alisimama mbele yetu kando ya uwanja, akiinua kofia yake juu. Alipoishusha tulitoka. Mimi nilikuwa mwepesi kuliko mwenzangu na nilijua kuachia klachi, kwa hiyo mwanzoni nilimwacha. Kisha katikati nilianza kusikia injini yake inanikaribia ubavuni, na hapo ndipo palipokuwa na utamu wote. Wiki nzima hakuna mtu aliyekuwa sambamba nami katika jambo lolote. Kazini wakubwa walikuwa juu yangu na wakulima walinipisha, nyumbani nilikuwa mpangaji. Pale uwanjani, kwa muda mfupi sana, mtu mwingine alitaka kitu kilekile nilichokitaka mimi, kwa nguvu ileile, na nilikuwa namsikia. Nani alishinda mara nyingi zaidi sikumbuki vizuri. Yeye angesema ni yeye.

Kifuku cha mwaka ule, yaani majira ya mvua kama tunavyoita kusini, kiliuharibu uwanja. Maji yalichimba mitaro miwili ya kukata katikati, na changarawe ikasombwa ikabaki udongo laini ambao matairi yanateleza. Mvua zilipokwisha tulikwenda na majembe. Tulifukia mitaro, tukafunga gogo kwa mnyororo nyuma ya pikipiki yake, tukalivuta huku na huku mpaka pakawa pametulia. Mzee alitusimamia akituonyesha wapi bado pana shimo. Tulikimbia msimu ule, lakini kwa woga. Ukishajua shimo lilikuwa wapi, mkono unajizuia wenyewe.

Kifuku kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Majembe hayakutosha tena, ilitakiwa mashine. Kwa kuwa mimi nilikuwa mtumishi, nilijipa moyo nikaenda ofisini mjini kuuliza kama greda la halmashauri likipita njia ile lingeweza kutusaidia. Ofisa niliyemkuta alikuwa mtu mpole. Alinisikiliza akiwa ameshika tama.

"Sasa bibi shamba, huo uwanja ni wa kazi gani?"

"Wa kukimbiza pikipiki."

"Kwenda wapi?"

"Kufika mwisho."

"Mkifika mwisho kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mnarudi."

Hakunicheka. Ningefurahi kama angenicheka. Alisema tu kwamba kuna barabara za vijiji ambazo akina mama wajawazito wanabebwa kwa machela, na greda ni bovu tangu mwaka jana. Nilimshukuru nikatoka, na nje nikakaa juu ya pikipiki kwa muda bila kuiwasha. Alikuwa na haki, na mimi bado niliutaka uwanja. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kifuani mwangu na hakuna lililolitoa lingine.

Muda si mrefu tajiri wa yule Myao aliacha mahindi. Biashara ya korosho ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi na yeye alitaka kuwahi. Yule Myao alikuja kuniaga kazini, amesimama mlangoni hakutaka kukaa. Alisema wanahamia Tunduru kabisa, na msimu wa korosho atakuwa Masasi na Mtwara. "Tutaonana, inshallah," alisema. Wenzangu ofisini walinitazama, wakidhani wanaona kitu wanachokijua.

Nilijaribu kukimbia peke yangu. Mzee alishusha kofia kama kawaida, nikatoka, nikafika mwisho. Nikageuza pikipiki. Alikuwa bado amesimama kule mbali, kofia mkononi, akingoja nimwambie nini kimetokea. Kilikuwa hakijatokea chochote.

Nilikwenda kwenye gereji za mjini nikatafuta wa kushindana naye. Kulikuwa na fundi mmoja kijana mwenye pikipiki nzuri, nikamweleza. Alijikuna kichwa. "Dada, nikikushinda, nimemshinda mwanamke. Ukinishinda, itabidi nihame mji." Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikaondoka. Wao walipenda kupita sokoni kwa kelele, watu wawaone. Kwenda kwenye changarawe isiyo na watu hakukuwavutia.

Kisha mzee naye akaondoka. Watoto wake walikuja kumchukua wakampeleka kijijini kwao. Nilipokwenda Jumapili moja nilikuta watu wamechimba udongo wa kufyatulia tofali katikati ya uwanja, na kwenye ncha moja mtu amelima matuta ya viazi. Nilimwamkia aliyekuwa akilima. Alidhani nimekuja kikazi, akaanza kuniuliza kuhusu wadudu wanaokula majani. Nikamweleza.

Yule Myao alirudi mara moja tu. Ilikuwa Jumapili ya kiangazi. Nilikuwa naanika nguo nikasikia injini nikaijua kabla haijafika. Mama mwenye nyumba alitoka akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama," alimwamkia.

"Marahaba. Karibu," alijibu mama, kwa sauti ya mtu anayengoja maelezo.

Mimi nilikuwa tayari nimeingia ndani kuvaa suruali.

Nilimwambia uwanja haupo. Hakuamini, tukaenda akauona. Alizunguka lile shimo la tofali mara mbili, mikono mgongoni. "Haya," alisema. "Songea yote hii, hapakosi mahali."

Tukaanza kutafuta. Tulishika njia ya Peramiho, lakini Jumapili ndiyo siku ya kuwatazama wagonjwa katika hospitali ya huko. Watu walitembea makundi kwa makundi na vikapu vyao vya chakula, na vumbi lilikuwa jingi hata sikumwona yeye aliye mbele yangu. Tukageuza. Tukaenda upande wa Matogoro, na huko njia ikaanza kupinda mara tu ilipoiona milima. Tukarudi mjini tukapita uwanja wa mpira, mechi ikiendelea, watu wakatupigia kelele tuondoe vyombo vyetu. Tukaingia barabara ya Njombe, pale pale tulipoanzia. Siku hizo pande zote mbili palikuwa na vibanda, nguo za mitumba zimetundikwa hadi ukingoni mwa lami, na malori yalipita moja baada ya jingine. Tulisimama kando tukingoja pawe peupe. Hapakuwa peupe. Kila lilipopita moja alinitazama, nami nikatikisa kichwa.

Jua lilipoanza kupoa tuliketi kwenye mgahawa mdogo tukanywa chai na chapati. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope.

"Nilibadilisha mnyororo kwa ajili ya leo," alisema.

"Mimi sikujua unakuja. Ila kabureta naisafisha kila wiki."

"Ya nini, na uwanja hakuna?"

"Sijui. Nimezoea."

Alikunywa chai yake. Aliniambia ameoa, Tunduru, na mkewe hajui kwamba amekuja Songea kwa jambo hili. Amemwambia amefuata spea. Nilimuuliza kama kule kwao kuna mahali pazuri. Alicheka. "Kule? Kule hata pa kwenda polepole hakuna."

Nilimsindikiza mpaka nje ya mji, barabara ya Tunduru, ili apate kulala Namtumbo. Lami ilikwisha tukaingia kwenye mashimo, tukawa tunakwenda mwendo wa mtu anayetembea, miguu imening'inia pembeni tusianguke. Tulikuwa sambamba, yeye kushoto, mimi kulia. Hakuna aliyemtangulia mwenzake. Tulikwenda hivyo kitambo, tukizungumza kwa kupaza sauti juu ya injini, kuhusu bei za matairi na mtoto anayemtarajia. Kisha akasimama.

"Rudi sasa, dada. Ukipata mahali, niite."

"Nitakuitaje?"

Alifikiri. "Mwambie dereva yeyote wa lori la Tunduru. Wananijua."

Nilimtazama akikwepa mashimo hadi alipopotea nyuma ya miti. Nilipogeuza nilisikia injini moja tu, yangu, na nikarudi nayo hadi Mjimwema.

Mama mwenye nyumba alikuwa amenitunzia ugali na mboga ya majani ya maboga. Alinitazama nilivyojaa vumbi, akakaa karibu nami, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Mwanangu, niambie kweli. Mlikuwa wapi mchana kutwa?"

"Tulikuwa tunatafuta barabara, mama."

"Barabara? Si hiyo hapo nje?"

"Hiyo ina watu."

Nadhani aliona kwamba sikuwa nadanganya, na kwamba ukweli wenyewe haumsaidii. Akanisogezea bakuli la mboga.

Mwaka uliofuata nilipunguzwa kazini pamoja na wengine wengi. Nilifungua duka dogo la mbegu na dawa za mifugo, na pikipiki ikawa ya kubebea mifuko, imefungwa chuma nyuma. Madereva wa Tunduru walipita dukani kununua chanjo za kuku. Mara moja nilimwomba mmoja amfikishie salamu yule Myao.

"Nimwambieje?" aliuliza.

"Mwambie bado."

"Bado nini?"

"Yeye atajua."

Dereva aliitikia, akapakia chanjo zake kwenye boksi lenye barafu, akaondoka. Mteja mwingine alikuwa anangoja nyuma yake, akitaka mbegu za kabichi, nami nikamhudumia.