Chuma Kwenye Taya la Wifi

Mdogo wangu alikuwa ameposa Kisarawe. Tulikuwa tukingoja mavuno tu ndipo tufanye harusi, mara mchumba wake akaanguka kutoka kwenye lori lililokuwa likihamishia watu kijiji kipya cha ujamaa. Taya likavunjika. Dar es Salaam madaktari walimfunga meno kwa waya, wakamwekea na kibati cha chuma kwenye mfupa. Kwa wiki kadhaa alikunywa uji kwa bua la jani la mpapai.

Mimi nilikuwa muuguzi msaidizi kwenye zahanati moja Kibaha. Gauni langu jeupe mama alilipiga pasi mwenyewe, majirani wanione nikipita. Jioni moja akaniita mbele ya shangazi na mdogo wangu.

"Wewe ndiye mtu wa hospitali," alisema. "Hicho chuma hakiingii kwenye damu? Watoto hawatazaliwa na kasoro?"

Sikujua. Ningeweza kusema nitamuuliza daktari. Lakini wote walikuwa wakinitazama, nikaona haya kutojua.

"Chuma hushika kutu," nilisema, "na kutu hufuata damu. Mtoto anaweza kuipata tumboni."

Mdogo wangu aliinuka akatoka nje. Baada ya siku chache mshenga alikwenda Kisarawe kuvunja posa.

Miezi ilipita ndipo nikamuuliza daktari, nikijifanya nauliza habari za mgonjwa mwingine. Alishangaa.

"Chuma kile si cha kushika kutu. Sijaona mtoto aliyedhurika kwa sababu yake. Nani anawaambia watu maneno hayo?"

"Watu tu," nikajibu.

Sikumweleza mama. Mdogo wangu alioa kwingine, na harusini nilicheza.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa kwenye foleni ya sukari Maili Moja. Mwanamke mwenye kovu chini ya kidevu, mtoto mgongoni na wawili wamemshika kanga, akanisogelea.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba," nilijibu kwa shida. Bado aliniita wifi.

"Mshenga wenu alisema chuma changu kitaharibu watoto. Hawa wote wazima, lakini kila mimba nimeibeba kwa hofu. Na sasa nina mimba nyingine. Wewe mtu wa hospitali, ni kweli?"

"Si kweli. Haikuwa kweli hata siku ile."

Alicheka, machozi yakimlenga, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante, wifi. Mungu akuzidishie."

Hakuuliza ni nani aliyeyaanzisha maneno ya mshenga. Nami sikumwambia.