Kibuyu changu cha maziwa, ukweni wakasema ni tunguri

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Jambo hili limenikaa kifuani muda. Naliandika humu kwa sababu hamnijui sura, na kwa sababu kijiweni kwetu nikilisema nitachekwa mpaka nihame. Yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka apite taratibu.

Mimi ni Mkurya wa Tarime. Nachimba dhahabu kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, Nyakunguru. Nina mke, Bhoke, na mtoto mmoja wa kike ambaye hata sentensi nzima bado hajui kuitamka. Anaitwa Ghati, jina la marehemu mama yangu.

Duara kwa wasiojua ni shimo. Unashuka kwa kamba hadi chini, halafu unaingia ubavuni kwa kutambaa. Juu jua linawaka, chini giza, joto na vumbi. Anayeshuka humo hasemi kwamba anaogopa. Humu mnatutania kila siku kwamba Mkurya haogopi kitu, na mimi huwa nacheka pamoja nanyi.

Naogopa wakuu. Naogopa sana.

Ilianza siku duara la jirani lilipoporomoka. Watu walitolewa wazima, tunamshukuru Mungu, ila mmoja alitoka hatamki neno, anatutazama tu. Kesho yake nilifika juu ya shimo letu, nikashika kamba, miguu ikagoma. Nikasingizia tumbo, nikarudi nyumbani.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Nikakumbuka kibuyu.

Hapa niwaeleze kidogo. Mama alikuwa na vibuyu vyake vya maziwa, na kimoja kidogo, cha kuenea kiganjani, kilikuwa changu mimi kitinda mimba. Akienda kupalilia mtama ananiacha kwa bibi na kibuyu changu kimejaa. Kabla hajaondoka anainama, ananiambia, "Narudi sasa hivi." Sasa hivi yenyewe ilikuwa jua likienda kuzama, lakini nilikuwa nakunywa kidogo kidogo na nilikuwa naamini.

Waliokulia kwenye ng'ombe wanajua, kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni, kinafukizwa. Unachoma kijiti cha mti maalumu, unakisugua kwa ndani kikiwa bado na moto, mkaa unabaki humo na maziwa yanashika ile harufu. Sina namna ya kuieleza vizuri. Ni moshi na maziwa, na utamu fulani ambao sijawahi kuukuta kwenye kitu kingine.

Mama alipofariki, baada ya matanga, wanaume wenzangu walikuwa nje wanaongea habari za ng'ombe. Mimi nikaingia jikoni kwake. Kwetu kijana akishatahiriwa, jiko la mama si lake tena. Ana nyumba yake, chakula analetewa, hakai kwenye mafiga kama mtoto. Na kulia ndiyo kabisa, maana siku ya kisu ulishaonyesha kwamba hulii. Nikaingia hivyo hivyo, nikakiona kimening'inia juu ya jiko pamoja na vingine, nikakitia ndani ya koti. Nilikificha kwenye gunia la zana zangu na sikumwambia mtu, hata Bhoke.

Basi siku hiyo ya miguu kugoma nilikitoa, nikafungua kizibo, nikaweka pua.

Wakuu, nilikuwa mdogo tena. Mabega yalishuka yenyewe. Nilikuwa yule mtoto wa kukaa mlangoni ambaye anajua mama yuko shambani na atarudi, na kwa hiyo hakuna jambo baya linaloweza kutokea. Nililia pale kitandani kama mtu aliyefungwa siku nyingi na leo amefunguliwa.

Kesho yake nilishuka duarani.

Ikawa utaratibu. Asubuhi kabla ya kushuka najitenga nyuma ya rundo la mawe, nafungua, navuta pumzi moja, nasema "narudi sasa hivi", nafunga. Pumzi moja tu, sikutaka kuimaliza ile harufu. Halafu nashuka, na miguu haigomi.

Mchimbaji mwenzangu mmoja, Marwa, aliniona. Hakuniuliza kitu. Sasa nyie wenyewe fikirieni: mchimbaji, kibuyu kidogo kimefungwa kizibo, ananong'ona nacho nyuma ya mawe asubuhi. Tanzania hii nani atasema ni maziwa?

Na bahati mbaya, siku hizo hizo duara letu likatema dhahabu. Sio mali ya kununua ghorofa, ila kila mtu alipata cha kupeleka nyumbani.

Heshima niliyopewa sijawahi kuiona. Wakawa wananipisha kwenye kamba. Mmoja akaniomba nilishike tindo lake kabla hajaanza kugonga. Marwa akawa ananiita "mganga" kwa utani, ila utani wenyewe aliufanya akiwa amesimama mbali. Mimi sikuwasahihisha. Ningesema nini? Kwamba natafuta mama?

Maneno hayana miguu lakini yanafika. Yakafika sokoni, na sokoni yakamkuta Bhoke. Yalimfikia yakiwa yameshaongezewa nyama: kwamba mumeo ana tunguri, kibuyu cha uganga, na mganga hatoi mali bure, lazima kuna anayeliwa nyumbani.

Wiki hiyo Ghati akapata homa.

Naomba mumwelewe mke wangu. Mtoto anachemka, hanyonyi, na wewe umeambiwa maneno kama yale. Akapekua, akafungua gunia la zana, akakikuta. Hakukigusa. Alimbeba mtoto mgongoni, akapanda basi kwenda kwao, huko Serengeti karibu na Mugumu. Ghati akalazwa hospitali, ikaonekana ni malaria, akatibiwa vizuri. Lakini mtu akishaamini jambo, hata vipimo havimtoi.

Nilimpigia simu nikiwa bado nimeshika koleo. Alipokea, akauliza, "Baba Ghati, unataka nini kwa mtoto wangu?"

Akakata. Nimeshuka mashimo mengi, lakini lile swali ndilo lililonishusha chini kuliko yote.

Siku chache baadaye baba mkwe akatuma ujumbe: njoo, uje na mtu wa kwenu, na hicho kitu ukilete. Nikaenda na kaka yangu mkubwa, Chacha. Kibuyu nilikifunga kwenye kitambaa, nikakipakata njia nzima.

Chacha alikitambua nilipomwonyesha. Alikishika, akakigeuza, akanirudishia bila kukifungua. Tulipokaribia mji wa baba mkwe akanisimamisha njiani. Akaniambia, "Sema ulienda kwa mganga. Watatutoza mbuzi, wakizidi ng'ombe, yataisha. Hilo lingine, mura, usilitamke mbele ya watu."

Msishangae. Kwa mtu wa kwetu, kwenda kwa mganga ni kosa la kiume. Unatozwa, unaonywa, mnakula pamoja. Lakini mwanaume mwenye mke na mji kunusa kibuyu cha mama yake? Huyo amerudi kuwa kijana asiyetahiriwa, na jina hilo litakufuata hadi kwa wajukuu. Chacha hakuwa na roho mbaya, alikuwa ananifunika.

Na mimi nilikuwa nimekubali, nasema kweli. Nilifika pale nikiwa nimeshapanga sentensi ya mganga.

Tulikaa uani. Walikuwepo baba mkwe, mdogo wake, sisi wawili, na Bhoke kwa pembeni na Ghati mapajani. Mama mkwe hakuwepo, maana kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani hovyo, ni heshima kubwa. Alikuwa nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, anapukuchua mahindi.

Nikamtazama Bhoke. Alikuwa amemziba Ghati uso kwa kitenge ili mimi nisimwone.

Hapo ndipo sentensi ya mganga ilipokufa. Nikisema ni ya mganga, wazee watanisamehe, ila huyu mwanamke atakuwa ameoneshwa kwamba alikuwa sahihi. Hatalala tena nyumba yangu, na mwanangu ataninyooshea kidole mpaka nazikwa.

Nikasema ukweli wote. Duara lililoporomoka, miguu, maziwa, mama. Nikasema, "Baba, nakinusa. Nikikinusa naacha kuogopa."

Mdogo wake baba mkwe alicheka puani. Chacha akainamisha kichwa. Baba mkwe aliniangalia muda mrefu, nikaona ni afadhali anigombeze kuliko aniangalie vile.

Nikakishika kwa mikono miwili, nikamwambia baba, nusa mwenyewe. Akarudisha kiti nyuma. Nikamgeukia mdogo wake, akainuka kabisa. Chacha akasema kibuyu anakijua, ni cha marehemu mama yetu, akajibiwa kwamba ndugu hamshuhudii ndugu. Hakuna mtu pale aliyekuwa tayari kuweka pua kwenye tunguri.

Mwisho baba mkwe akatoa neno. "Mkwe, mimi sijui kama unasema kweli. Ninachojua, binti yangu hawezi kulala nyumba moja na kitu kinachomtisha. Kama ni maziwa, hupotezi kitu. Kichome wewe mwenyewe, hapa, tuone."

Hupotezi kitu.

Palikuwa na moto uani, sufuria ya maji ikaipuliwa. Nikasogea. Nilitamani kukifungua nivute pumzi moja ya mwisho, lakini macho yote yalikuwa kwangu na niliona nimeshajivua nguo vya kutosha siku ile. Sikukinusa. Hilo najuta mpaka leo.

Nikakilaza kwenye makaa.

Wote walirudi nyuma, wakaziba pua kwa mashati. Kibuyu kikavu hakichelewi. Kilipasuka, ule weusi wa ndani ukashika moto, yale mafuta ya maziwa ya miaka yote yakaanza kutoa moshi. Na harufu ikatoka, wakuu. Ilitoka yote kwa pamoja, ile niliyokuwa naibania pumzi moja moja, ikajaa uani.

Ndipo tukasikia sauti ya mama mkwe kutoka kule nyuma. Hakuwa ameona kinachoendelea. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza watoto wake, "Nani anafukiza vibuyu saa hizi? Ng'ombe hata hawajarudi."



Mikono ikaanza kushuka kutoka puani, mmoja baada ya mwingine. Yule mdogo mtu aliyecheka alikaa chini polepole, akatazama miguu yake. Bhoke alimfunua Ghati uso. Halafu akaja mpaka karibu na moto, akasimama kwenye moshi, machozi yanamtoka, na sikujua kama ni moshi au ni nini.

Kilikuwa kimeshaisha lakini.

Baba mkwe hakuomba radhi, na mimi sikutegemea. Alisema tu watu waende kunawa, chakula kiko tayari. Tukainuka. Nilikuwa nimesahau kofia yangu kwenye kiti, nikarudi kuichukua.

Nikamkuta mzee amechuchumaa peke yake kwenye majivu. Alikuwa na kijiti, anachokoa. Akatoa kipande cha kibuyu, kimeungua nusu, akakipuliza, akakiweka puani. Alikaa hivyo macho amefumba. Halafu akakifunga kwenye leso, akakitia mfuko wa ndani wa koti.

Alipofumbua macho aliniona. Nikavaa kofia, nikaenda kunawa.

Bhoke alirudi na mimi, na Ghati mzima. Njiani aliniambia ningemwambia tu mapema. Nikamuuliza ningeanzaje. Akafikiria, akasema hata yeye hajui.

Duarani nimerudi, maana mlo hausubiri. Miguu bado inasita asubuhi nikishika kamba, na siku hizi nimemwambia Marwa wazi kwamba ni woga. Juzi kaniambia, tukiwa wawili tu, kwamba yeye hulala na shuka la marehemu bibi yake kichwani, hata kukiwa na joto.

Nilichojifunza ni kidogo. Kuna wanaume wazima wengi wanaotembea na kitu kimoja mfukoni kinachowarudisha kuwa watoto kwa pumzi moja, na wako radhi kuitwa wachawi kuliko kukitaja. Kama nyumbani kwako kipo, mwambie mwenzako kingali kizima. Mtu asipoambiwa ukweli atajitungia wake, na wa kutunga mara nyingi una damu ndani.

Sasa uwanja ni wenu. Wewe unacho nini? Harufu, kitambaa, kikombe, wimbo unaouimba bafuni mlango ukiwa umefungwa? ID zenyewe ni za kubuni, nani atakujua.

Andika. Mimi sitacheka.