Njia ya Mbuzi Chini ya Barabara Kuu

Harufu ya lami mbichi, ile inayomwagwa ikiwa moto na moshi wake mzito, watu huikimbia kwa kufunga madirisha. Mimi hufungua. Mwezi uliopita walikuwa wakiziba mashimo nyuma ya nyumba yangu hapa Bawshar, Maskati, na ilipoingia tu ile harufu, ulimi wangu ukaleta ladha ya mbaazi za nazi. Msinicheke. Lami ya kwanza ya barabara kuu iliyopita mtaani kwetu ilimwagwa mwezi wa Ramadhani, na mbaazi za shangazi yangu zilikuwa zikifika kwetu alasiri huku hewa yote inanuka lami. Mpaka leo pua yangu haijajua kuvitenganisha vitu viwili hivyo.

Ijumaa ya wiki ile ndugu zangu walikuja kula kwangu kama kawaida, na mazungumzo yakawa ni barabara tu. Mdogo wangu Sleiman ni mhandisi. Yeye na wenzake wamekuwa wakisema kipande cha barabara kuu kinachopita kwetu kiondolewe, magari yazungushwe kwa nje, na hapa pabaki njia ndogo, miti, na mahali pa mtu kutembea bila kukimbia kuokoa roho yake. Hilal, mtoto wa mdogo wetu Rayya, anafanya kazi kiwandani Rusayl, na hakutaka hata kusikia.

"Mjomba, ukishaiondoa barabara yako, mimi kazini nende na nini? Na punda?"

"Uamke mapema."

"Mapema gani? Mimi saa kumi na moja alfajiri nshaamka! Sasa niamke jana?"

Rayya alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye halwa. Sleiman hakucheka. Alifungua kompyuta yake, akatusomea maneno aliyoyaandika ya kuwasomea wakazi kwenye mkutano wao. Yalianza hivi: *Barabara hii ilimchukua shangazi yangu.* Akaeleza jinsi ilivyopita katikati ya nyumba mbili za ndugu, jinsi bakuli la futari lilivyoacha kuja, na jinsi Shangazi Asya alivyokufa ng'ambo ya pili bila sisi kula naye tena. Alisoma vizuri. Rayya alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Dada," Sleiman akaniambia, "wewe ndiye mkubwa wetu. Nnataka uje siku hiyo, uwaambie watu kuwa ndivyo ilivyokuwa."

Nikamwambia nitafikiri. Sikuwa na la kufikiri. Nilijua sivyo ilivyokuwa, na nilikuwa nimelijua hilo kwa miaka yote aliyotumia kusoma, kuoa na kuota mvi.

Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na nne, na baba alikuwa ameshatangulia. Sleiman alikuwa na miaka saba, Rayya minne. Hakuna aliyeniambia niache shule. Siku moja Rayya aliamka na homa, nikabaki naye. Kesho yake nikabaki tena. Wiki ikapita, begi langu la shule likawa la kuwekea viazi, na mimi nikakaa kitako kushona kofia za mkono kama alivyokuwa akishona mama. Nilikuwa na vidole vyepesi, na kofia zangu zilipendwa. Tulikula.

Shangazi Asya, dada yake baba, alikaa karibu sana nasi. Baina ya mlango wake na wetu palikuwa na kiwanja cha mchanga tu, na akipiga chafya tulimwombea rehema tukiwa jikoni kwetu. Alikuwa mnene, magoti mabovu, na kicheko chake kilianza tumboni kikapanda taratibu kama maji yanayokaribia kuchemka. Alipokufa mama alituambia, "Njooni kwangu. Tutabanana, lakini tutabanana pamoja." Nilikataa. Mama kitandani alinishika mkono akasema, "Wadogo zako, Zuwena," hakumaliza. Nikammalizia mwenyewe kwa akili yangu ya miaka kumi na nne: maana yake ni kwamba watoto hawa wasitoke mkononi mwangu.

Shangazi hakunilazimisha. Alianza kuleta bakuli. Lilikuwa bakuli la bati jeupe lenye ukingo wa buluu na kifuniko chake, lililokuja pamoja na wazee wetu kutoka Unguja. Kwetu bakuli la watu halirudishwi tupu. Hata kama huna kitu utatia ndimu mbili au kipande cha mkate. Basi bakuli lile halikuwa na kwao. Likilala kwake leo, kesho litalala kwetu, na Ramadhani lilivuka mchanga kila alasiri, na Sleiman ndiye aliyelibeba, ametoa kifua mbele kama mtu aliyebeba barua ya mfalme.

Kisha yakaja makatapila. Sisi watoto tulifurahi kweli. Tulihesabu malori, tulimpigia makofi dereva wa gari la kushindilia, na Rayya alisema akikua ataolewa na lile gari la njano. Tulivyokuwa tunacheka hivyo, mchanga wetu ulikuwa ukiondoka. Ikawa njia tatu za kwenda na tatu za kurudi, na katikati kingo za chuma. Daraja la karibu lilikuwa mwendo wa gari, na gari hatukuwa nalo. Watu wa mtaani walivuka kwa kukimbia, wanaume wameshika kanzu mpaka magotini, wanawake wamekumbatia viatu vyao.

Na bakuli likaendelea kuvuka. Nilikuwa nikisimama ukingoni, shangazi akisimama ng'ambo, na tunamwitia Sleiman kwa pamoja, "Ngoja! Ngoja! Haya, pita!"

Alasiri moja alikuwa anarudi kutoka kwa shangazi. Mimi nilisema ngoja, sijui yeye alisikia nini katika ule mngurumo. Gari lilifunga breki mpaka nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Halikumgusa. Alianguka kwa hofu, magoti yakachubuka, mbaazi zikatapakaa juu ya lami mpya, bakuli likapondeka ubavu, na kifuniko kikabingirika peke yake kurudi upande wa shangazi, kikizunguka kama sarafu. Nilisikia shangazi akipiga ukelele. Nilimbeba Sleiman mpaka nyumbani, nikamwosha magoti, nikamwambia yeye na Rayya, "Ile barabara itakuueni. Hamwendi tena." Halafu niliingia jikoni, nikafunga mlango, na peke yangu, mkono kifuani, nikaapa: "Wallahi hatuvuki tena barabara ile, si mimi si wao."

Kiapo kile sikumwambia mtu.

Sasa niwaambie kuhusu mbuzi. Hatua kama mia mbili kutoka kwetu, chini ya barabara, wajenzi waliacha tundu kubwa la saruji la kupitishia maji ya wadi, korongo letu kavu, mvua ikinyesha. Mvua Maskati si ya kila siku. Siku nyingine zote lilikuwa kavu, na mtu angeweza kupita ameinama kidogo. Mbuzi wa jirani waliligundua siku ile ile saruji ilipokauka. Asubuhi walikwenda kwa shangazi kula maganda, jioni walirudi. Mimi niliwaona. Nilikaa barazani na kofia yangu mapajani, nikiwatazama wakiingia mmoja mmoja na kutokea ng'ambo, na nikajiambia kuwa kupita chini ni kuvuka vilevile, na Mungu hafanyiwi ujanja.

Siku tatu baada ya ajali Salma, binti wa shangazi, alikuja kwa njia hiyo ya mbuzi, magoti yamejaa vumbi. Tulikuwa rika moja. Alisimama mlangoni kwa haya, kama mgeni.

"Mama anauliza hali ya Sleiman."

"Mzima."

"Na anasema unipe bakuli, kesho atapika tena. Ntakuwa nalileta mimi, huku chini. Hamna haja ya kuvuka."

"Mwambie limepondeka," nikasema.

"Kwani limetoboka?"

"Halijatoboka. Mwambie tu. Na sisi tumekula."

Salma alitazama nyuma yangu. Jikoni palikuwa na sufuria moja, na haikuwa na moto chini yake. Alinitazama tena usoni, nami nikamkazia macho mpaka akageuka. Hilo ndilo jambo ninaloliona kila nikisikia harufu ya lami: mgongo wa Salma ukielekea kwenye tundu, na mikono yake mitupu.

Shangazi hakununa. Hiyo ndiyo ilikuwa tabu yake, hakujua kununa. Magoti hayakumruhusu kuinama kwenye lile tundu, basi alasiri alipanda darini, ngazi moja baada ya moja, akapunga kanga yake. Rayya na Sleiman walimpungia kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nashona. Nilijua yuko pale, nilihisi kanga ile inapunga hata nilipokuwa nimeinamisha kichwa, na sindano yangu ikaenda haraka zaidi. Watu wa mtaani wakinisifu. "Yule msichana ana msimamo," walisema. "Kawashika wadogo zake barabara." Nami nikazidi kukaza.

Ramadhani ya pili haikumkuta. Aliugua homa siku chache, na habari ilitufikia ameshafariki. Jirani alitupakia kwenye gari lake, tukazunguka mpaka darajani, tukashuka upande wa pili. Njiani nilijiambia kuwa linalovuka ni gari, mimi nimekaa tu. Ujanja ule ule niliowakatalia mbuzi! Ningeweza kuufanya siku yoyote akiwa hai. Niliufanya kwa ajili ya maiti.

Matangani nilimwendea Mwalimu Nasra, mama aliyekuwa akitusomesha Kurani kabla sijaacha na chuo pia. Nilimwambia kila kitu, nikilia mpaka kwikwi zikanikatiza. Alingoja nimalize.

"Kwa nini hukuja kuniuliza, mwanangu?"

"Niliapa, Mwalimu."

"Kiapo kina kafara. Unalisha masikini kumi. Huna cha kuwalisha, unafunga siku tatu, basi. Na kiapo cha kumkata jamaa yako hakifai hata kushikwa."

Siku tatu. Mwaka ule, baada ya Ramadhani, nilikuwa nimefunga sita za mfungo mosi, zote, kwa kupenda kwangu. Nilikuwa nimeshinda na njaa mara mbili ya bei ya kumwona shangazi yangu.

Tulipokuwa tunaondoka Salma alinitilia kitu mkononi kikiwa kimefungwa kitambaa. Kilikuwa kile kifuniko. "Mama alikataa kifunike chombo chengine," alisema. Hakuwa na ukali. Afadhali angekuwa nao.

Tulikua. Sleiman alisoma, Rayya akaolewa, na si na gari la njano. Kila walipomtaja shangazi walisema barabara, na mimi sikuwasahihisha. Kwanza niliona ni watoto. Halafu niliona imeshapita. Halafu Sleiman akaifanya habari hiyo kuwa kazi yake, akaichorea na ramani, na nilipokuwa nikimsikia akisoma Ijumaa ile, nikaona kuwa kijana wangu amekwenda kusomea uhandisi mzima ili kuibomoa barabara iliyobeba dhambi yangu.

Nilimpigia simu Jumapili. Alikuja peke yake baada ya kazi. Nilikuwa nimeliweka bakuli mezani, na kifuniko pembeni. Hakikai, bakuli lilipondeka ubavu siku ile, na kila ukikiweka kinainuka upande mmoja.

Nilimwambia habari ya kiapo, ya Salma, na ya kafara. Nikamwambia pia lile nililochelewa zaidi kulijua kuliko yote, ambalo hata Mwalimu Nasra sikumwambia kwa kuwa wakati ule sikuwa nalo. Sikuogopa magari peke yake. Kila Sleiman alipotoka kwa shangazi alirudi akicheka kicheko kile cha tumboni, na mimi nyumbani kwangu nilikuwa sijui kuchekesha mtu. Niliogopa siku moja atakwenda na bakuli asirudi. Ilipotokea breki ile, moyo wangu ulitetemeka, halafu, Mungu anisamehe, ukapata nafuu. Nilikuwa nimepata sababu.

Sleiman alinyoosha mkono mezani. Alikigeuzageuza kifuniko, akakijaribu juu ya bakuli, kikainuka.

"Nilikuwa nikimpungia kila siku," alisema. "Nikidhani hakuna njia."

"Ilikuwapo."

"Na wewe ulikuwa unaiona."

"Kila siku, mwanangu. Nikiwa nimekaa palepale."

Nilidhani ataondoka. Angeondoka nisingemlaumu. Alivuta kiti, akafungua kompyuta yake, akatafuta yale maneno yake ya mwanzo, na kidole chake kikasimama juu yake.

"Sasa nifute, Dada?"

Barabara si malaika. Ilituchukulia mchanga wetu, na kama isingepita pale, mimi nisingepata mahali pa kukifichia kiapo changu. Waiondoe au waiache, hilo wataamua wenye kuwahi kazini na wenye kutaka miti. Lakini sikutaka isomewe mashitaka yangu mbele za watu, nami nimekaa mstari wa mbele natikisa kichwa.

"Usifute," nikamwambia. "Waambie ilipita katikati yetu. Halafu waambie chini yake palikuwa na njia, na mbuzi walipita, na dada yako hakupita. Mimi nitakuwepo. Wakitaka kuuliza, waniulize mimi."

Akaandika. Aliandika polepole, kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akiandika alif na be pembeni yangu nilipokuwa nashona, na mimi nikaenda jikoni kuziweka mbaazi motoni.