Nilivyoiwasha Laptop ya Usharika

Nianze kwa kukiri, maana nusu ya watu wa Maisaka wanaijua hii habari na nusu nyingine wanaijua vibaya: ni kweli nilisimama mbele ya kanisa zima, nimevaa shati la kuazima, nikashika maikrofoni na kushuhudia muujiza ambao nilijua kabisa kwamba haukuwa muujiza. Aibu yenyewe nimeshaizoea, kwa hiyo naweza kuisimulia bila kuficha uso.

Kwanza mjue kwamba mimi si fundi. Kazi yangu ni kupima magunia ya alizeti kwenye kinu cha kukamua mafuta kule Bagara, na jina la Fundi nililipata mwaka juzi baada ya kutengeneza printa ya usharika iliyokuwa imekwama (kilichoikwamisha kilikuwa kalamu, nikaitoa kwa vidole, lakini hakuna aliyeuliza na mimi sikusema). Tangu hapo kila chenye waya kikigoma, naitwa mimi, na mimi naenda.

Laptop ya usharika wetu inakaa kwa Mama Happy, mwalimu mstaafu na katibu wa umoja wa wanawake, na wazee wa kanisa walishaamua isitoke nyumbani kwake isipokuwa kwenda kanisani kuonyesha nyimbo na matangazo kwenye projekta. Ilikuwa imechoka kiasi kwamba ukiiwasha ibada inapoanza, maneno ya wimbo wa kwanza yanatokea ukutani watu wakiwa kwenye sadaka. Nikajitolea kuiongezea ram, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kuiwekea diski mpya, ile ya kasi, ambayo Jumanne, hapo hapo kwake, nilikuwa nimeshaihamishia kila kitu kutoka kwenye diski ya zamani. Video niliyoangalia ilisema kilichobaki ni kazi ya dakika ishirini.

Jumatano mchana nikafika kwake na bisibisi yangu ndogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Fundi, karibu. Wanawake wa maombi wanakuja saa tisa, utakuwa umemaliza?"

"Mapema sana, mama."

Nikakaa mezani, runinga inatangaza habari, Mama Happy anapiga pasi majoho ya kwaya kama alivyokuwa akifanya tangu asubuhi, nikafungua skrubu kumi na moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha kopo, nikachomoa waya wa betri kama video ilivyoagiza (huu waya muukumbuke ninyi, mimi niliusahau), nikapachika ram, nikabadilisha diski, nikarudisha mfuniko na skrubu zote, na nikajisifu moyoni kwamba hakuna hata moja iliyobaki mkononi. Wanawake walikuwa wameanza kuingia, Mama Happy akazima runinga na kukunja majoho, nikachomeka chaja, nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena kwa sura ya mtu aliyetegemea iwe hivyo, kimya vilevile.

Sasa hapo ndipo mtu mwenye akili anasema, jamani, imegoma, nipeni muda. Mimi nikasema, "Inajipanga." Wanawake sita walikuwa wameshakaa kwenye viti kuizunguka meza, mikono mapajani, wananiangalia. Nikashikilia kitufe sekunde thelathini huku nikihesabu kwa sauti ili ionekane ni utaalamu. Nikafungua tena skrubu zote, nikatoa ram mpya, nikaisugua meno yake kwa ufutio wa penseli ya Mama Happy, nikairudisha. Ikawa bure. Nikaitoa kabisa nikaacha ile ya zamani peke yake, nikahamishia chaja kwenye soketi nyingine, bado. Mama mmoja mnene wa Nakwa, ambaye hadi leo nikimwona navuka barabara, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Kwani Fundi, kabla hujaja ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka, mama."

"Sasa uliifungulia nini?"

Nikasema ubao wake wa ndani umechoka. Nikarudisha ram zote mbili na kuifunga, jasho linanitoka, nafikiria bei ya laptop na nafikiria uso wa wazee wa kanisa.

Kitu kimoja sikukipima, nacho ni umeme wa nyumba. Nilipoingia runinga ilikuwa inaongea, chaja ya laptop ile haina taa, na mchana hakuna aliyewasha balbu, kwa hiyo sikuwaza kabisa kwamba pasi ya asubuhi ile ilikuwa imeila LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, mpaka mwisho, ukakatika karibu na dakika ile ile runinga ilipozimwa. Aliyegundua ni Baba Happy, mzee mpole wa Mbulu ambaye maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu. Na nyumba yake ni ya wale ambao mgeni haambiwi umeme umekwisha, kama asivyoambiwa sukari imekwisha. Mwenye nyumba anatoka kimyakimya kutafuta kilichokwisha huku mgeni akiongeleshwa. Akachukua simu yake akatoka nje.

Ndani, Mama Happy akasema, "Fundi, ondoa mikono. Tuiombee."

Wakasimama wote saba, wakaweka mikono juu ya laptop, wakafumba macho. Aliomba vizuri, sitanii, alimwambia Mungu kwamba kile si chombo cha anasa, ni cha kumsifia Yeye, na kwamba usharika hauna kingine. Mimi peke yangu nilikuwa nimefumbua macho, nimesimama jirani na dirisha, na ukutani kwa nje, pale ilipo mita, nikasikia pii, pii, pii. Mtu anaingiza zile namba ishirini za umeme. Zikaisha, friji ya kwenye kona ikashtuka na kuanza kunguruma, na kitaa kidogo cha ubavuni mwa laptop kikawaka.

Nilielewa pale pale. Na nafasi ya kusema maneno manne ilikuwepo: Mama, umeme ulikuwa umekwisha. Lakini mwenye makosa angekuwa mimi, mtaalamu aliyefungua mashine mara mbili bila kuuliza kama soketi ina umeme. Mama Happy akasema "Amina," na kabla hajafumbua macho akaniambia, "Bonyeza, mwanangu, kwa imani."

Nikabonyeza. Ikawaka, tena haraka kuliko ilivyowahi kuwaka. Na mimi nikaitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Vigelegele vilipopigwa Baba Happy akaingia, akakuta watu wanakumbatiana, naye akapiga makofi kidogo na kuketi. Aliniangalia, nikamwangalia, halafu wote wawili tukaiangalia laptop. Pembeni ya kioo kulikuwa na alama nyekundu kwenye picha ya betri. Niliiona, nikajiambia itaondoka yenyewe.

Alhamisi dereva wa lori la alizeti aliniita fundi wa miujiza, nikacheka naye. Ijumaa mchungaji alinipigia simu kwamba Jumapili kutakuwa na ushuhuda, Mama Happy ataanza na mimi nitathibitisha, nikakubali, maana kukataa kungehitaji maelezo.

Jumapili laptop ikabebwa kanisani, ikachomekwa, nyimbo zikatokea kwa wakati na watu wakageukiana kwa furaha. Mama Happy akaitwa mbele.

"Wapendwa," alisema, "mnajua nimemeza dawa za presha miaka saba. Jumatano nilipoiona ile mashine imeinuka nilijiuliza, Mungu ahangaike na laptop aniache mimi? Nikazifunga dawa kwenye leso, nikaziweka juu ya kabati. Leo siku ya nne sijameza."

Watu wakapiga makofi. Niliogopa, na ningependa kusema kwamba niliogopa kwa ajili yake, lakini kwanza niliogopa kwa ajili yangu. Nikajiambia nitamwambia baada ya ibada, nje, taratibu, tukiwa wawili. Nikaenda mbele, nikashika maikrofoni, na nikasikia mdomo wangu ukieleza jinsi nilivyojaribu kila njia ya kitaalamu ikashindikana (hilo neno la kitaalamu nililirudia mara tatu), mpaka pale nguvu iliposhuka. Kwa upande fulani ilikuwa kweli, nguvu ilishuka, namba ishirini.

Wakati naongea, mpiga kinanda alikuwa anatafuta pa kuchomeka kinanda chake. Ekstensheni ilikuwa imejaa, akachomoa waya wa laptop, jambo ambalo mtu yeyote angefanya, maana laptop ina betri. Kioo kikazimika. Ukutani nyuma yangu wimbo ukapotea.

Nikabonyeza. Hakuna. Na hapo, mbele ya watu wote wale, nikaukumbuka waya wa betri ulivyokuwa umelala pembeni siku ile, na skrubu kumi na moja nilizozifunga mara mbili juu yake kwa majivuno.

Mama Happy akarudi mbele, akaweka mkono juu ya laptop, akaomba, akaniambia nibonyeze. Nikabonyeza. Akaomba tena, safari hii kwa sauti ya chini, na nikaona paji la uso wake linatoka jasho na mkono mwingine ameshika ukingo wa meza ili asiyumbe. Haikuwaka. Akasema, hakukusudia isikike ila maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu:

"Basi ni mimi. Imani yangu ndiyo imepungua."

"Mama, si wewe," nikasema. "Umeme ulikuwa umekwisha."

Nikayasema yote, pasi, mita, friji, betri. Upande wa wanaume Baba Happy akasimama. "Ni kweli," akasema. "Umeme niliingiza mimi." Akaketi. Mpiga kinanda naye akainua waya juu akasema, "Na huu nimeuchomoa mimi." Kicheko kilianzia kwenye kwaya, kikaenda mpaka mlangoni kikarudi, na mchungaji alikiacha kiishe chenyewe. Halafu akauliza, "Baba Happy, hilo kabati liko chumba gani? Nenda na bodaboda ukalete hizo dawa. Sisi tutaimba mpaka urudi." Tukaimba nyimbo nne, kwa vitabu. Mama Happy alimeza dawa yake akiwa benchi la mbele, na mchana alipopimwa hospitali presha ilikuwa juu sana, akaambiwa apumzike na asicheze na dawa tena.

Jumatatu nilienda kuunganisha ule waya. Dakika kumi tu. Nikachomoa chaja, laptop ikabaki inawaka, na hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Happy aliniwekea chai, akameza kidonge chake mbele yangu.

"Mimi niliomba iwake, ikawaka," akasema. "Aliyetumwa alikuwa mume wangu, na hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni wewe. Humo ndani ulikuwa umefumbua macho peke yako, ukatuacha sisi tuliofumba."

Nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia kanisani. Ili angalau niseme ukweli mmoja bila kulazimishwa, nikamwambia kwamba hata ile printa sikuitengeneza, ilikuwa kalamu tu.

"Najua," akasema. "Kalamu ilikuwa yangu. Niliiona kwenye mfuko wa shati lako nikasema nisikuaibishe."

Kalamu nimeirudisha. Tangu hapo sifungui mashine ya mtu kabla sijawasha kwanza balbu ya hapo ndani, na kwenye maombi nafumba macho kama wengine. Ila nikisikia mita inalia, nasema, hata kama watu hawajafika kwenye Amina.