Nilivyompeleka Mama Mto Ganga

Nilisafiri kwa sababu niliambiwa siwezi. Mama yangu, Kamala, alifariki nyumbani kwetu Changamwe, Uhuru ukiwa bado haujafika. Tulimchoma kwa desturi yetu ya Kihindu, nikabaki na majivu yake. Alikuwa ameniusia niyapeleke Mto Ganges, ambao sisi twauita Ganga. Alizaliwa kando yake. Kila alipooga, hata kwa maji ya mfereji, alijimiminia kopo la kwanza akilitaja jina la mto ule.

Ami yangu, ndugu wa marehemu baba, alikataa katakata. "Hiyo ni kazi ya mwana wa kiume, Shanta, na wewe huna kaka. Tuyamwage hapa Kilindini. Maji ni maji."

"Mama hakusema Kilindini," nilimjibu. Niliuza bangili zangu nikakata tikiti ya meli.

Siku ya kuondoka, jirani yetu Bi Rukia alinisindikiza hadi bandarini na kikapu cha mahamri. Watu wakaanza kunong'ona: msichana, peke yake, na maiti! Bi Rukia akawageukia. "Mamake alimbeba tumboni. Leo yeye akimbeba mamake, mwaona ajabu gani, wallahi?" Wakatupisha njia.

Baharini nililala sitahani nimeukumbatia mtungi mdogo wa shaba wenye majivu. Wimbi lilinitapisha, lakini sikuuachia.

Kutoka Bombay nilipanda garimoshi la kaskazini. Humo nilikutana na mjane aitwaye Savitri, mwenyeji wa Haridwar, mji wa kando ya Ganga niliokuwa nikiuendea. Aliniambia mto huo huzaliwa na barafu ya milima ya Himalaya, hushuka kwa kishindo, na Haridwar ndipo unapoiaga milima na kuingia tambarare. Mbele yake hukutana na Mto Yamuna, hupita Kashi, mji ambako wazee huenda kungojea mauti, kisha hugawanyika mikono mingi huko Bengali na kumwagika baharini. "Hunywesha mashamba yetu," alisema, "na mtu akikata roho, twamtia tone lake kinywani. Sisi humwita Mama."

Savitri alinilaza kwake. Asubuhi tuliteremka pamoja kwenye ngazi za mawe zinazoingia mtoni. Maji yalikuwa ya kijani, yakienda mbio, na waogaji walishikilia minyororo wasichukuliwe. Kuhani mmoja alinizuia.

"Mwana wa kiume yuko wapi?"

"Mama hakuzaa wa kiume."

"Basi nipe mimi mtungi. Wewe simama juu utazame."

"Sikutoka Mombasa kuja kutazama."

Akanyoosha mkono auchukue. Savitri akaingia kati yetu. "Mwache apite. Wewe wamwita mto huu Mama kila siku, kisha wamzuilia binti?"

Sikungoja jibu. Niliingia na nguo zangu. Baridi ilinikata pumzi, mkono mmoja kwenye mnyororo, mwingine ukiinamisha mtungi. Nililitaja jina la mama kwa sauti kubwa, wasikie wote. Majivu yalielea kidogo, kisha mto ukayabeba. Hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu afe.

Niliporejea Changamwe, ami alikuja na mkewe. Hakukaa. "Umetuaibisha. Watu watasemaje?"

"Kule nako walisema, ami," nikamwambia. "Nikaingia vivyo hivyo. Nimejifunza kwamba aliyenizuia ni mtu. Mto haukunizuia."

Ami akamwamuru mkewe watoke. Mkewe, mama wa wana watatu wa kiume, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga mumewe, hakuondoka. Alivuta kiti akaketi karibu nami.

"Shanta, mwanangu," alisema, mumewe akiwa bado mlangoni, "siku yangu ikifika, nipeleke wewe."