Masaa Kumi na Tisa Kutoka Toronto

Watu wa mtaa wa Sarang'ombe wanamsifu Nyamai hadi leo, eti alivuka bahari kwa ajili ya mamake. Ai! Bahari gani? Nyamai anachomelea mageti hapa Kabiro, Kawangware, mlango wake na wangu mimi Mideva, mamake Annet, inatazamana. Kutoka hapa hadi kwa mamake Sarang'ombe ni saa moja kwa miguu.

Miaka mitatu iliyopita mama aliuza shamba la Kitui ili kijana aende Kanada. Kanisa zima lilimsindikiza hadi uwanja wa ndege kwa nyimbo. Kufika ndani, akaambiwa viza ni feki. Wakala aliyemuuzia alishatoroka. Sasa angetokaje nje na watu bado wanapunga mikono? Akangoja waondoke, akaja kujificha Kawangware. Tangu hapo akawa anampigia mama alasiri na kumwambia, "Huku Toronto ndiyo kunakucha." Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alitembea yake miaka mitatu.

Jumapili moja, saa tisa mchana, dadake Kathini akapiga. Mama amezidiwa, anamtaka mwanawe. Nilisikia yote, simu ilikuwa kwa spika.

"Naingia ndege sasa hivi," Nyamai akasema.

Mama akaomba simu. "Ni masaa mangapi, mwanangu?"

"Kumi na tisa, mama. Ni kilomita elfu kumi na mbili, na kuna kubadilisha ndege Doha."

"Haya. Nitakungoja."

Simu ilipokatika nikamvamia. "Wee Nyamai, toka uende! Jua halijatua utakuwa umemshika mkono."

"Mama Annet, nikitokea saa hii watajua nimekuwa wapi."

"Si wajue!"

"Aibu itammaliza mama."

Akazima simu, maana mtu aliye angani hapatikani. Akatoa koti zito la mitumba, akapanga nguo kwa suti-kesi, akakaa kitandani akihesabu saa. Nilimchukia, aki ya Mungu. Na mimi je? Miguu nilikuwa nayo, ningeenda kusema. Nikakanda unga wangu wa mandazi, nikajiambia ya watu niwaachie wenyewe. Sijajisamehe.

Asubuhi nilimsaidia kubeba suti-kesi. Tulipokaribia kwao, saa nne kamili, akawasha simu. Ujumbe wa Kathini ukaanza kuingia. "Ukishuka Doha piga, asikie sauti yako tu." "Anauliza umefika wapi." "Nyamai, tafadhali." Hakumaliza kusoma. Wanawake walikuwa nje ya mlango, na walikuwa wanalia.

"Woi, pole na safari!" wakamkumbatia. "Umetoka mbali, umejaribu sana."

Kathini alimning'inia shingoni. "Mama aliniamsha saa kumi alfajiri akaniuliza yamebaki mangapi. Nikamwambia sita. Akasema, 'Hayo siwezi. Mwambie asijilaumu, ni mbali.'"

Nyamai akaketi chini palepale kwenye vumbi, koti na yote. Nilingoja aseme ukweli. Mjomba wake akawafukuza watu wampishe apate hewa, kwa sababu ndege humchosha mtu. Akamletea chai, na Nyamai akainywa. Mimi nikaingiza suti-kesi ndani.