Maharage Aliyoyapika Khainza

Khainza wa Nabuyonga, mjini Mbale, ni mdadisi wa mbegu. Hata akienda msibani, jicho lake la kwanza ni la sufuriani; akiona harage la rangi asiyoijua, atamsumbua mwenyeji mpaka aonyeshwe gunia lilikotoka. Punje moja ngeni huipanda pembeni mwa shamba lake, aone ina tabia gani. Kwake yeye, shamba la maharage ya rangi moja ni ujinga mtupu: kila mwaka una ugonjwa wake, na kila ugonjwa una harage linaloushinda.

Basi mtu huyo huyo, mwaka jana, aliteleza. Mnunuzi alitaka maharage mekundu matupu. Khainza alikaa siku nzima akichambua mbegu, mekundu huku, mengine kule, na yale madogo ya kijivu aliyoachiwa na mama yake akawapikia wageni wa ubatizo. Yalikataa kuiva, akayaongezea kuni. Yakaliwa yote.

Msimu huu mvua ikazidi. Mekundu yakaoza mizizi, shamba zima likalala. Hapo ndipo alipokumbuka maneno ya mama yake, kwamba la kijivu haliogopi maji. Alipekua kila kibuyu, asipate hata punje. Majuto ni mjukuu. Alilia jikoni peke yake, kwa aibu zaidi kuliko njaa.

Kisha akamkumbuka Rashidah, jirani wa zamani aliyeolewa Jinja miaka kumi na miwili iliyopita. Siku ya kumuaga, Khainza alimtia mkononi kiganja cha yale ya kijivu. Je, aliyapanda, au alimpikia bwana harusi? Swali hilo lilimwasha njia nzima, mpaka boda boda ilipomshusha Mpumudde, huko huko Jinja.

Rashidah alimsikiliza hadi mwisho, kisha akavuta kopo kutoka chini ya kitanda. Lilijaa majivu ya kuzuia wadudu, na ndani yake mlikuwa na punje za kijivu, ila kila moja ilikuwa na baka jeusi. Khainza alizigeuzageuza, akanusa, akauma moja.

"Hii baka imetoka wapi?"

"Mi sijui, dada. Imekuja yenyewe. Mvua ya huku ni mingi, lakini hii maharage iko tu."

"Na hukukula?"

"Si ulisema nisikule?"

"Mimi nilikula."

Rashidah alicheka mpaka akajishika mbavu. Akamimina nusu kwenye leso ya mgeni wake, akafunga kopo. Khainza akabaki analitazama.

"Hiyo ingine inabaki," Rashidah alisema. "Ukipika tena, utakuja kwa nani?"

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Alipofika nyumbani, kabla hajapanda hata punje moja, alimwita jirani yake Nabifo, akamjazia kiganja.

"Hii usikule," alimwambia. "Na mimi nikikuja kukuomba yote, unikatalie."